Mtishe Kidogo

Dukani, chumba cha nyuma
3 Februari

Mdogo wangu,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikikupigia unaniambia, "Dada, nipo wodini, nitakupigia," na hupigi. Karatasi haikatiki. Utaisoma utakapokaa.

Nimetoka leo kwa yule daktari wa figo uliyesoma naye, mnayemwita Miwani. Nina hasira mpaka kazi imenikataa. Nimeshona mfuko wa shati la shule juu chini, nikaufumua, nikaushona tena juu chini.

Mwanangu anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, tangu Oktoba. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba anarudi amepauka, analala na viatu, na ule mpira waliomtia shingoni anaufunika kwa mtandio ili wateja wangu wasimuulize. Ana miaka ishirini. Juzi ameniambia, "Mama, nimeshasahau kukojoa kulivyo." Alikuwa ananitania. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya marobota ya vitambaa nikalia.

Januari nilikudokezea kwenye simu kwamba nataka nimpe figo yangu, ukanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Basi leo nimekwenda mwenyewe. Nikamwambia Miwani, "Daktari, mimi nina figo mbili na mtoto hana hata moja inayofanya kazi. Chukua yangu moja umpe."

Hakuinua macho kwenye kompyuta. "Mama una miaka mingapi?"

"Arobaini na minane."

"Basi. Ukitoa figo utakuwa mgonjwa wa maisha. Cherehani hutaigusa tena. Miaka mitano haipiti mtakuwa wawili kwenye mashine. Na sheria yenyewe hairuhusu."

"Umenipima?"

"Hakuna haja."

"Hata presha?"

"Mama, kuna watu nje wanasubiri."

Hata fundi viatu hukigeuza kiatu akakitazama soli kabla ya kusema hakitengenezeki. Mimi sikugeuzwa. Nilimwomba barua ya rufaa nikapimwe hospitali kuu, akaniambia hawezi kuandika barua ya kumuua mtu mzima.

Katika ukoo wetu daktari ni wewe peke yako, tena wa upasuaji. Niambie: aliyoyasema ni kweli au si kweli?

Dada yako

*

Wodi ya upasuaji
15 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako imefika na imeniumiza. Pole sana, na umpe pole mpwa wangu.

Naomba unisikilize kwa utulivu. Miwani ni daktari mzuri, namfahamu tangu mwaka wa kwanza. Pengine amekosa maneno laini, lakini hoja zake zina uzito. Figo inayobaki peke yake hubeba mzigo wa mbili, na mzigo huo huichosha mapema. Kwa mwanamke wa umri wako, anayekaa kwenye kiti siku nzima, hatari ni kubwa zaidi. Na sheria ya mambo haya ni ngumu, si jambo la kuamka asubuhi ukaamua.

Mashine si adui. Wapo watu wameishi nayo miaka na miaka, wameoa, wameolewa. Tumwache mtoto azoee. Wewe kula vizuri, lala, na usiende tena kumsumbua Miwani. Anafanya anachoweza.

Nakuambia haya kama daktari, siyo kama ndugu.

Mdogo wako

*

Dukani
2 Machi

Mdogo wangu,

Sasa nisikilize wewe.

Kwenye benchi la kusubiria mashine huwa anakuja fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa miaka hamsini na kitu, kumwona jirani yake. Alhamisi nilimsikia akisema yeye ana figo moja. Nikadhani ni mzaha. Akapandisha shati pale pale mbele ya watu, akanionyesha kovu, limelala ubavuni kama mshono wa suruali. Alimpa mdogo wake miaka sita iliyopita, hospitali kuu. Mdogo wake ana watoto wawili sasa. Yeye mwenyewe anabeba nondo kila siku na Jumapili anacheza mpira na wazee wenzake. "Beki," akaniambia. "Mshambuliaji sina mbio, lakini hiyo si sababu ya figo."

Nikamuuliza anakunywa dawa gani. Hanywi dawa yoyote. Kila mwaka anapimwa mkojo na presha, basi.

Kwa hiyo kati ya wewe, Miwani na mchomeleaji, kuna anayedanganya, na aliyenionyesha mwili wake ni mmoja tu.

Nakuuliza maswali matatu. Usinijibu kwa hotuba, nijibu ndiyo au hapana. Moja, mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na figo moja? Mbili, sheria inamruhusu mama kumpa mwanawe? Tatu, umewahi kumwona kwa macho yako mtu aliyetoa figo akafa kwa sababu hiyo?

Nijibu haraka. Mpira wa shingoni umeanza kutoa usaha. Tangu juzi anatetemeka kwa homa, nguo tatu na bado analia baridi.

Dada yako

*

Wodi ya upasuaji
11 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi nimesoma miaka saba na bado nasoma. Mchomeleaji amesoma mageti. Ukiamua kumwamini mtu kwa kuwa amepandisha shati, basi mimi sina la kusema.

Homa ni kwa sababu ya mpira, si kwa sababu yangu. Mpeleke wamlaze, wampe dawa za mshipa, wabadilishe mpira. Hilo ndilo la kufanya sasa.

Na kuhusu lile jingine, sitaki tena kulisikia. Mama alikufa akinizaa mimi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ukaacha shule ukanibeba mgongoni. Sina mama mwingine. Wewe ukifa juu ya meza ya upasuaji, mimi ndiye nitakayesimama kwenye kaburi nikiulizwa, "Na wewe daktari ulikuwa wapi?" Kwa hiyo nakataa. Nimekataa, dada. Usiniulize tena ndiyo au hapana.

Mdogo wako

*

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani
30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ninakuandikia mimi kwa sababu mama hajui ninachokijua, na nataka ukijue wewe kwanza.

Nimelazwa siku kumi na saba. Usaha uliingia kwenye damu. Kuna siku mbili sizikumbuki kabisa, mama anasema nilikuwa namwita mwalimu wangu wa chekechea. Sasa nimepata nafuu. Wamenitoboa upande wa pili wa shingo, kwa hiyo mtandio sasa nauvaa kama mbunge.

Jumanne mhudumu alinisukuma kwenye kigari kwenda kupigwa picha ya moyo. Faili langu nililipakata mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu, nikalifungua. Mjomba, mwandiko wako naujua. Ndio ulionifundisha kuandika herufi kubwa, ile K yako inayopiga teke. Nimeinakili ili usije ukasema nimeongeza neno:

"20 Januari. Ndugu yangu Miwani, dada yangu atakuja kwako kuomba apimwe ili amtolee figo binti yake. Nakuomba usimpime na usimwandikie rufaa. Ni mkaidi, ukimpa upenyo atapita. Mtishe kidogo, atatulia. Binti tumwache kwenye mashine, Mungu akipenda. Siwezi kuwapoteza wote wawili. Nakushukuru, rafiki yako."

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani ni ya mgonjwa mwingine.

"Siwezi kuwapoteza wote wawili." Maana yake mmoja ulikuwa umeshampoteza tayari. Ulikaa mahali, pengine umeshika kikombe cha chai, ukatuweka mama yangu na mimi kwenye mizani, ukanitoa mimi. Sikulaumu kwa kumpenda mama. Na mimi nampenda. Nakulaumu kwa kuwa ulimchagulia, kisha ukamwacha aendelee kukuandikia akiuliza kweli ni ipi, na wewe unamjibu "kama daktari, siyo kama ndugu." Barua zako zote ninazisoma mimi kwa sauti, mama akishona. Hilo hukulijua, eh? Hiyo ya "tumwache mtoto azoee" niliisoma mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ningekufa zile siku mbili nisizozikumbuka, mjomba, ungekuwa umeshamaliza kazi.

Nakupa mpaka tarehe 12 Aprili umwambie mama mwenyewe, kwa mkono wako. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sitatafuta maneno laini.

Mpwa wako

*

Nyumbani kwangu
8 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Usimpe binti akusomee. Isome mwenyewe, taratibu.

Januari, uliponidokezea kwenye simu, mtandao haukukatika. Nilinyamaza. Kesho yake nilimwandikia Miwani nikamwomba asikupime, asikupe rufaa, na akutishe. Nilitumia neno hilo: mtishe. Barua ipo kwenye faili la mwanao, na yeye ameiona. Yote aliyokuambia Miwani siku ile, mimi ndiye niliyeyatuma.

Ukitaka kuichana hapa, ichane. Lakini kuna la pili, na pengine ni baya zaidi.

Baada ya barua ya binti nilikaa siku mbili sijui la kufanya. Siku ya tatu, saa ya chai, niliingia chumba cha madaktari. Tulikuwa tisa. Nikawauliza, bila kusema kwa nini: nani kati yetu, akiugua figo, atakubali kupokea ya mtu? Mikono tisa. Nani atampa ndugu yake akiwa hai? Mikono mitatu, mmoja ukashuka mwenyewe taratibu. Nani amewaambia watu wa nyumbani kwake, nikifa chukueni kinachofaa wapewe wengine? Hakuna. Daktari wetu mkuu akasema, "Mimi nizikwe kama nilivyokuja," watu wakacheka, wakaendelea na maandazi.

Nikauliza wanajua nini. Wa magonjwa ya wanawake akasema mwanamke akitoa figo hazai tena. Si kweli. Wa watoto akasema nchi haina sheria. Sheria ipo, dada. Nilikwenda ofisini nikaikuta kabatini, ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa tangu iletwe. Mwingine akasema dini haziruhusu, nikamuuliza amemuuliza kiongozi gani, akasema, "Inajulikana." Mwenye jibu sahihi alikuwa mmoja tu, mama wa dawa za usingizi, na yeye alijua kwa sababu shangazi yake alipewa figo. Sisi wote tulifundishwa somo hili saa moja, mwaka wa nne. Na kati ya waliokosea hakuna aliyesema "sijui." Neno hilo kwetu ni gumu kulitamka.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Figo inayobaki "huchoka mapema": sikuisoma popote. Niliisikia kwenye korido miaka kumi iliyopita, nikaihifadhi kama elimu. Nimesoma siku tatu mfululizo sasa. Haya ndiyo majibu ya maswali yako matatu: ndiyo, ndiyo, na hapana. Mtu hupimwa kwa makini kwanza, akionekana na kasoro hukataliwa kwa usalama wake, na hatari kidogo ipo, kama ilivyo kwa upasuaji wowote. Lakini kupimwa ilikuwa haki yako, na mimi nilikunyang'anya.

Nilikuwa naogopa. Sina neno jingine.

Nitakuja mwisho wa mwezi, nikupigie magoti.

Mdogo wako

*

Dukani
16 Aprili

Wewe,

Usije.

Barua yako nimeisoma mwenyewe kama ulivyoagiza. Halafu nilimpa binti naye akaisoma. Ndani ya nyumba hii hatufichani tena, tumeona faida yake.

Kuanzia ile tarehe 20 Januari mpaka leo, mwanangu amelala kwenye mashine mara ishirini na tano. Kila mara kuna sindano, kila mara kuna kutapika kwenye ndoo ya bluu, kila mara mimi nimekaa kwenye benchi nikiamini nina mwili mbovu. Umesikia? Uliniaminisha mwili wangu ni mbovu. Nilikuwa napanda ngazi za duka nikijisikilizia moyo kama mzee wa miaka tisini.

Umeniandikia habari za mikono. Mikono tisa, mikono mitatu. Wa kwako ulikuwa kwenye ipi? Maana nimetafuta kwenye barua nzima sijauona. Na wewe una figo mbili. Wewe ni ndugu wa damu. Ulipata wino wa kumwandikia Miwani asinipime mimi, hukupata tone la kumwandikia akupime wewe? Kila asubuhi unawapasua watoto wa watu, kisu hukiogopi kikiwa mkononi mwako. Unakiogopa kikielekezwa kwako.

Na usinitajie mama yetu. Mama alikufa akikuzaa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Hakufa kwa sababu alitoa. Nimekubeba mgongoni, kweli. Sikukubeba ili uje uniamulie nani kati ya watoto wangu afe. Ndiyo, watoto wangu. Na wewe nilikuwa nakuhesabu.

Rufaa nimeipata bila ninyi. Sista wa mashine alinipa jina la daktari wa hospitali kuu, mchomeleaji akanisindikiza mpaka stendi. Daktari wa kule ni mwanamke, ana sauti kama ya mnadani. Amenipima presha, sukari, mkojo, damu, picha za tumbo, siku tatu. Wamenikalisha mbele ya watu watano wakanihoji kama kuna anayenilazimisha. Nikawaambia wanaonilazimisha hakuna, walionikataza ndio wapo. Damu zetu zimekubaliana. Figo zangu, kasema yule mama, ni za msichana.

Wanasubiri binti apone kabisa ile sumu iliyoingia kwenye damu. Wangetufanyia Februari, kama ningepimwa Februari.

Nisipoamka kwenye ile meza, usisimame kwenye kaburi langu ukiulizwa ulikuwa wapi. Simama nyuma na watu wengine.

Dada yako, kwa sababu hilo siwezi kulifuta

*

Kliniki ya figo
2 Mei

Ndugu yangu,

Nimeipokea barua yako ya hasira. Umeniita muuaji. Ulikuwa rafiki yangu na uliniomba jambo, sasa jambo limekugeuka unataka kunitwisha peke yangu. Sikubali.

Lakini kwa kuwa tumefika kwenye kusema kweli, nikuambie moja, huenda litakupa usingizi au litakunyima. Barua yako ya Januari haikubadilisha chochote. Dada yako angekuja bila barua yako, ningemwambia maneno yale yale. Ndivyo ninavyowaambia wote. Miaka sita nipo kwenye kiti hiki na sijaandika rufaa hata moja ya kutoa figo. Anakuja mke, anakuja kaka, anakuja baba, nawarudisha. Nani ana muda wa kueleza? Nina wagonjwa arobaini kwa siku na daktari ni mimi tu. Nikimpeleka mtu kule akafia kule, familia itarudi kwangu na mawe. Nikimwacha kwenye mashine akafa, wanasema ni kazi ya Mungu na wananishukuru kwa juhudi.

Wewe unadhani ulinituma. Hukunituma. Ulinikuta njiani.

Usiniandikie tena.

Miwani

*

Hospitali kuu, chumba cha kutengwa
10 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia. Au anajua, maana ameniuliza kama kalamu inatosha wino halafu akageukia ukutani.

Walitufanyia tarehe 19 Juni. Mama aliingizwa kwanza. Alipokuwa anasukumwa aliwaambia manesi mkasi wao hauna makali, wauchukue wake. Mimi nilipoamka nilikuta mpira umetoka kwenye kibofu na mfuko pembeni ya kitanda una maji ya njano. Yule mama daktari mwenye sauti ya mnadani akaunyanyua juu kama kombe. "Mkojo huu!" akapiga kelele. "Umeanza mezani, hatujamaliza hata kushona!" Mjomba, nimelia kwa sababu ya mkojo. Usinicheke.

Mama aliruhusiwa baada ya siku tano, lakini anashinda hapa na mimi. Anatembea, analalamika kuhusu chakula, ameshawafumulia manesi pindo za sare zao na kuzishona upya kwa mkono. Mimi nakunywa vidonge asubuhi na jioni, na nitavinywa maisha yote. Moyo wangu umepata hitilafu kidogo kutokana na ile sumu ya Machi. Daktari anasema utapona sehemu, sehemu hautapona. Nakuambia kwa sababu kwenye barua yako ya mwisho umesema unataka kujua kila kitu. Basi hicho nacho ni chako.

Nakala ya barua uliyowapelekea wakubwa wa hospitali ya Miwani imenifikia. Nimeona umeambatanisha ya kwake ya Mei na ile ya kwako ya Januari niliyokunakilia, pamoja. Ya kwako ungeweza kuificha, hakuna ambaye angeitafuta ndani ya faili langu. Nimeona pia karatasi ya vipimo vyako. Kumbe ulikwenda kupimwa Mei, kundi lako la damu halikubaliani na langu, na presha yako iko juu kuliko ya mama. Ungekataliwa. Sijui kama hilo linanifurahisha au linanikasirisha zaidi, kwa kuwa Januari wewe mwenyewe hukulijua.

Sista wa mashine ameniambia Miwani ametakiwa ajieleze, na kwamba tarehe 30, siku ya Alhamisi, wakubwa wanawaita watu wote wenye wagonjwa kwenye mashine, pamoja na wale waliowahi kurudishwa. Wamekuomba ukawaeleze. Ameniambia umejibu utatuma maelezo kwa maandishi.

Usitume. Umeshaandika vya kutosha. Nenda kwa miguu yako, simama mbele ya lile benchi, useme kwa mdomo. Mimi siruhusiwi kukaa penye watu wengi bado. Mama atakuwepo. Amesema hatakusalimia.

Mpwa wako

*

Dukani
2 Agosti

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, sikutaka unione. Najua uliniona.

Ulisema vizuri. Ulipoanza na maneno ya kidaktari nikashika mkoba niondoke, ukaanza upya: "Mimi nilimzuia dada yangu, na nilikuwa sijui ninachokisema." Watu wakaacha kujipepea kwa karatasi. Ukawaeleza nani anaweza kutoa, nani hawezi, anapimwa nini, sheria inasema nini, nani ana haki ya barua ya rufaa. Ulipoulizwa kuhusu mtu mwenye sukari, ukasema, "Sijui vizuri, nitauliza niwaletee jibu." Sijawahi kukusikia ukisema hivyo tangu ujue kuongea.

Halafu akasimama yule baba wa shati la kijivu. Hukumjua. Mimi namjua, tulikuwa tunakaa naye Jumatatu. Akasema, "Daktari, mke wangu alikuwa kwenye mashine miaka miwili. Mimi nilijitolea. Niliambiwa nitakufa kabla yake. Nilikuwa mzima kabisa, nabeba magunia sokoni. Nimemzika Novemba." Akaweka kofia yake kitini. "Sasa hayo unayotuambia, mimi niyapeleke wapi?"

Nilikutazama. Nikasema moyoni, sasa atatafuta hotuba. Hukuitafuta. Ulishuka pale mbele, ukaenda ukasimama karibu naye mikono ikining'inia. Yeye hakukupa mkono wala hakukupiga. Akakutazama tu mpaka alipochoka, akachukua kofia yake, akaondoka.

Watu kumi na mmoja walijiandikisha kupimwa siku ile. Nimewahesabu. Sista anasema watano wamekwishapewa barua. Huyo baba hakujiandikisha, hana tena wa kumpa.

Hasira yangu haijaisha, usijidanganye. Nikipiga chafya mshono unavuta, na ukivuta nakukumbuka vibaya. Nikimwona binti anapumzika ngazi ya tatu kwa sababu ya moyo, nakukumbuka vibaya zaidi. Sijui itaisha lini, na nakuomba usiniulize, maana ukiniuliza itaanza upya.

Lakini yule baba anakaa peke yake, mtaa wa pili kutoka sokoni, nyumba yenye mlango wa bati. Nimepeleleza. Nenda kwake. Usiende na maelezo, usiende na zawadi. Kaa naye. Akikufukuza, rudi tena wiki inayofuata.

Ukitoka kwake, njia ya kurudi stendi inapita hapa dukani. Mlango huwa sifungi mpaka saa kumi na mbili.

Dada yako